Canon 1300D ya mtumba au R50 mpya? Ulinganisho kwa anayeanza kazi ya picha

Swali huja kwa sura ileile kila mara. Mtu ana hela ya kununua kamera moja. Ameona Canon EOS 1300D ya mtumba kwa bei isiyoumiza, na duka la jirani lina EOS R50 mpya ndani ya boksi, kwa bei itakayomlazimu kukopa kidogo au kusubiri miezi kadhaa. Achukue ipi? Mitandaoni ataambiwa kwamba DSLR (kamera zenye kioo ndani) zimekwisha, achukue mirolesi (zisizo na kioo). Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila haujamuuliza anapiga picha gani na nani anazilipia.

Msimamo wangu niuseme mapema ili asiyetaka kusoma yote asipoteze muda. Kwa picha za mnato zinazopigwa mchana au kwa flashi, mteja wako hataona tofauti ya maana kati ya kamera hizi mbili. Kwa video, na kwa watu wanaotembea kwenye mwanga hafifu, R50 iko mbali kiasi kwamba urahisi wa bei ya 1300D hausaidii kitu.

Zinavyotofautiana ndani

1300D ilitoka mwaka 2016. Marekani iliuzwa kwa jina la Rebel T6. Ni DSLR ya ngazi ya kwanza kabisa. Ndani yake kuna kioo kilichoinama ambacho hurusha mwanga wa lenzi juu, hadi kwenye kijitundu cha kuchungulia. Unapobonyeza, kioo hunyanyuka, shata (pazia lililo mbele ya sensa) hufunguka, sensa (sehemu inayonasa picha) hupata mwanga, kisha kioo hurudi chini. Ule mlio wa "klak" ambao watu wengi wanaujua kama sauti ya kamera, sehemu kubwa yake ni kioo hicho.

R50 ilitangazwa Februari 2023. Haina kioo. Sensa inaangalia kupitia lenzi muda wote, na unachokiona kwenye kijitundu ni skrini ndogo ya kielektroniki inayoonyesha kile sensa inachokiona. Karibu kila tofauti iliyopo hapa chini inatoka kwenye jambo hilo moja.

| | EOS 1300D | EOS R50 |
|---|---|---|
| Mwaka | 2016 | 2023 |
| Megapikseli | 18 | 24.2 |
| Ukubwa wa sensa | APS-C | APS-C |
| Sehemu za fokasi | pointi 9 | kanda hadi 651 |
| Picha za mfululizo kwa sekunde | 3 | 12, au 15 kwa shata ya kielektroniki |
| Video | 1080p | 4K, na 1080p ya kasi |
| Tundu la maiki | hakuna | lipo |
| Skrini | haigeuki, haiguswi | inageuka, inaguswa |
| Uzito pamoja na betri | gramu 485 | gramu 375 |
| Betri | LP-E10 | LP-E17 |

Mstari wa tatu usikupite. Sensa zote mbili zina ukubwa uleule, unaoitwa APS-C. Anayekuambia mirolesi "inafifisha nyuma vizuri zaidi" anazungumzia lenzi, hata kama mwenyewe hajui. Weka lenzi ileile kwenye kamera hizi mbili, simama palepale, fungua tundu la lenzi kiasi kilekile, na nyuma kutafifia sawasawa.

Picha yenyewe

Megapikseli 18 za 1300D zinatoa picha yenye pikseli 5184 kwa 3456. Ukiichapisha kwa ubora wa juu wa nukta 300 kwa inchi, unapata karibu saizi ya A3. Za R50 ni 6000 kwa 4000, yaani inchi 20 kwa 13 na kidogo. Ukijiuliza ni mara ngapi mteja amekuagiza picha iliyozidi A3, wakati nyingi zinaishia WhatsApp ambako zinabanwa hata hivyo, utaona kwamba namba hii haifai kuamua chochote. Faida yake halisi huja ukitaka kukata picha: umepiga ukiwa mbali na sasa unataka uso tu.

Tofauti inayoonekana iko kwenye mwanga mgumu. Chukua bi harusi mwenye ngozi nyeusi, gauni jeupe, saa kumi jioni nje ya kanisa. Kamera yoyote hupima mwanga kwa kudhani kwamba kilichojaa kwenye fremu ni cha kijivu cha katikati. Gauni jeupe likijaa fremu, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso wa bi harusi unazama kwenye giza. Hapa ndipo kamera hizi zinapokutendea tofauti.

Kwenye 1300D, ukichungulia unaona dunia ilivyo: gauni jeupe, uso mzuri, kila kitu sawa. Unapiga. Unashusha kamera, unaangalia skrini, unakuta uso umekuwa mweusi tii. Unashikilia kitufe cha Av, unazungusha gurudumu hadi +1, unapiga tena. Bi harusi bado anatabasamu, ila lile tabasamu la kwanza limeshakwenda. Kwenye R50, uso uliozama unauona kwenye kijitundu kabla hujabonyeza. Unazungusha gurudumu, uso unang'aa mbele ya jicho lako, unapiga mara moja.

Aliyepiga picha miaka mingi ataniambia kwamba yeye akiona gauni jeupe mkono unaongeza mwanga wenyewe. Sawa, na kwa mtu wa namna hiyo kigezo hiki kina uzito mdogo. Kwa anayeanza, kuona matokeo kabla ya kupiga kunamfundisha haraka kuliko chuo. Tahadhari moja tu: ukipiga studio kwa flashi za nje huku umeweka mwanga kwa mkono, skrini ya mirolesi inaweza kuwa nyeusi kabisa kwa sababu inaonyesha chumba bila flashi. Inabidi uingie kwenye menyu uzime uigaji wa mwanga. Watu wamewahi kudhani kamera imeharibika kwa sababu ya hilo.

Halafu kuna kuhariri. Uso uliozama ukijaribu kuuvuta kwenye kompyuta, faili la RAW (data ghafi ya sensa) la R50 linavumilia zaidi. Sensa ya 1300D ni ya kizazi cha zamani hata kwa mwaka wake. Kivuli ukikivuta sana, chembechembe na mistari hutokea, na kwenye ngozi nyeusi huonekana haraka. Kwa ISO (kipimo cha usikivu wa kamera kwa mwanga), mimi 1300D naiamini hadi 1600, na 3200 ni ya dharura. R50 kwa 6400 bado inatoa picha ninayoweza kumkabidhi mteja bila kumweleza lolote.

Fokasi: hapa ndipo hela yako inapokwenda

Ukichungulia 1300D utaona pointi tisa zimepangwa kwa umbo la almasi, zimebanana katikati ya fremu. Ukibonyeza kitufe cha shata nusu, moja inawaka nyekundu. Kati ya hizo tisa, ni ile ya katikati peke yake inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Nane zilizobaki zinasoma upande mmoja tu, na kwenye mwanga hafifu zinahangaika. Ndiyo maana wazoefu wa kamera hizi wanazima nane na kubaki na moja. Unaweka pointi ya katikati juu ya jicho, unabonyeza nusu, unashikilia, unasogeza kamera ili kupanga fremu upya, unamalizia kubonyeza.

Njia hiyo inafanya kazi vizuri sana kwa mtu aliyetulia na lenzi iliyofungwa kiasi, tuseme f/4 au f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi). Ila fungua lenzi ya 50mm hadi f/1.8 ukiwa karibu na uso, na ile kusogeza kamera kidogo tu inatosha kuhamisha ukali wa picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye sikio. Kwenye skrini ndogo ya nyuma hutaona. Utaona nyumbani, ukifungua kwenye kompyuta.

R50 inatafuta jicho yenyewe. Mtu akiingia kwenye fremu, kisanduku kidogo kinakaa juu ya jicho lake na kumfuata akisogea, hata akiwa pembeni kabisa mwa fremu ambako 1300D haina pointi yoyote. Inatambua pia mbwa, paka, ndege, magari na pikipiki. Maharusi wanapoingia ukumbini wakicheza, taa za rangi zinazunguka, na watu wamesimama njiani na simu zao juu, wewe unashughulika na fremu na muda wa kubonyeza. Fokasi umeiachia kamera.

Haikosi kukosea. Kwenye msafara wenye nyuso kumi inaweza kumkumbatia shangazi aliyeko mbele badala ya bwana harusi, na inabidi uguse skrini kumchagua unayemtaka. Lakini idadi ya picha unazozitupa kwa sababu ya fokasi inashuka sana, na kwa kazi za matukio hiyo ndiyo hesabu ya kweli. Picha tatu kwa sekunde za 1300D nazo ni chache kwa tukio lenye mwendo. R50 inatoa 12, ingawa ukipiga RAW kumbukumbu yake ya ndani inajaa ndani ya sekunde moja hivi, kisha kamera inapunguza kasi. Kwa mpira wa mtaani piga JPEG.

Wala usidanganyike na kasi ya shata ya kielektroniki kwenye kumbi. Inapiga kimya kabisa, jambo zuri msikitini au kanisani, lakini chini ya taa za LED inaweza kuacha michirizi ya giza na mwanga kwenye picha. Ukumbini baki na ile ya kawaida.

Video

Hapa sina maneno mengi ya kuitetea 1300D. Inarekodi 1080p, na kwa mwanga mzuri picha yake inapendeza. Ila haina fokasi inayofuata mtu wakati wa kurekodi. Ukibonyeza shata nusu ili itafute upya, lenzi inakwenda mbele na kurudi nyuma, picha inafifia na kurejea, na kelele ya mota inaingia kwenye sauti. Haina tundu la maiki. Maiki yake ya ndani inanasa jenereta, feni na mtoto anayelia safu ya tatu kwa bidii ileile inayomnasa mchungaji.

Wapo wanaofanya kazi nayo hivyo hivyo: kamera juu ya tripodi, fokasi ya mkono, na sauti inarekodiwa kando kwa simu yenye maiki ndogo ya kifuani. Mwanzoni unapiga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye uoanishe sauti na picha. Kwa mahojiano ya mtu aliyekaa, njia hii inatosha kabisa. Kwa kumfuata bibi harusi kutoka kwenye gari hadi mlangoni, utalia.

R50 inarekodi 4K kwa upana wote wa sensa, inamfuata mtu kwa upole, ina tundu la maiki la milimita 3.5, na skrini yake inageuka kukutazama, kitu ambacho wanaotengeneza maudhui peke yao hawawezi kuishi bila hicho. Ukiiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB inatumika pia kama kamera ya mikutano. Haina tundu la spika za masikioni, kwa hiyo huwezi kusikiliza sauti inavyoingia. Unaangalia vipimo vinavyopanda na kushuka kwenye skrini na kumwomba Mungu.

Wanaorekodi ibada na semina wajue mipaka ya muda. 1300D inakata ikifika dakika 29 na sekunde 59. R50 inakwenda hadi saa moja, kisha unabonyeza tena. Na kwa zote mbili kuna mpangilio mmoja usiofaa kusahauliwa Afrika Mashariki: umeme wetu ni wa hezi 50. Weka menyu kwenye PAL, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Ukiacha kwenye NTSC na fremu 30, taa nyingi za ndani zitapepesa kwenye video yako, na wakati wa kuhariri utaanza kuilaumu kamera bure.

Kuna njia ya katikati ambayo wauzaji hawaitaji. Kama bajeti inakulazimisha DSLR na video ni sehemu ya kazi, achana na 1300D, tafuta 200D ya mwaka 2017. Ina sensa yenye fokasi ya Dual Pixel, ile teknolojia ambayo Canon iliianzisha kwenye 70D mwaka 2013, kwa hiyo kwenye skrini inamfuata mtu bila kuhangaika. Ina tundu la maiki na skrini inayogeuka na kuguswa. Haina 4K ya kuivaa R50, lakini mteja wa kawaida wa harusi hajawahi kuniuliza kuhusu 4K. Na inatumia betri ileile ya LP-E17, jambo litakalokusaidia siku ukihamia R50.

Lenzi na flashi

Lenzi inayokuja na R50 ni ya 18-45mm, f/4.5-6.3. Inayokuja na 1300D ni 18-55mm, f/3.5-5.6. Kwenye upana wa 18mm, ile mpya inapitisha karibu asilimia 60 tu ya mwanga unaopitishwa na ya zamani. Kamera mpya imeletewa jicho finyu zaidi, na sehemu ya faida yake kwenye mwanga hafifu inaliwa hapohapo. Mtu anayenunua R50 na kubaki na lenzi hiyo peke yake kwa miaka miwili, huku akipiga kumbi za usiku, hajamaliza kununua kamera.

Lenzi ya kuianza nayo kwenye mfumo wa zamani ni EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015. Ni ndogo, bei yake haitishi, na kwenye sensa ya APS-C inakaa kama 80mm, urefu mzuri kwa nyuso. Lenzi hii pamoja na 1300D inatoa picha za nyuso ambazo R50 na lenzi yake ya boksi haiwezi kuzifikia. Nairudia kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wanaweka hela yote kwenye bodi (kamera bila lenzi).

Habari njema ni kwamba lenzi za EF na EF-S (za DSLR za Canon) hazipotei ukihama. Adapta ya EF-EOS R haina kioo chochote cha lenzi ndani; inaongeza tu nafasi iliyopungua baada ya kuondolewa kioo cha kamera, na lenzi ya zamani inafanya kazi kwenye R50 pamoja na fokasi yake ya otomatiki. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi za RF (za mirolesi za Canon) hazikai kwenye DSLR. Na kwa kuwa wengi wanauza lenzi zao za EF ili wahamie RF, soko la mtumba lina mali nzuri.

Sasa flashi, na hapa kuna mtego. 1300D ina sehemu ya kuchomeka flashi ya kawaida, yenye nukta ya katikati. Flashi yoyote ya bei nafuu inawaka, triga (kifaa cha kuwasha flashi kwa mbali) yoyote ya studio inafanya kazi. R50 ina sehemu ya aina mpya, na flashi za kawaida na triga zake hazikai moja kwa moja. Unahitaji adapta ya Canon inayoitwa AD-E1. Mtu ana flashi mbili nyumbani, ananunua R50 Ijumaa, Jumamosi ana harusi, anafika ukumbini anachomeka na hakuna kinachowaka. Uliza adapta hiyo siku unayonunua kamera, na iingize kwenye bei.

Betri, vumbi na macho ya wateja

1300D inakadiriwa kupiga picha 500 kwa chaji moja ukitumia kijitundu, kwa sababu kioo hakili umeme. R50 inawasha sensa na skrini muda wote, na kwa siku ya harusi utahitaji betri tatu ambapo wa 1300D ana mbili. Lakini R50 inachaji kwa waya wa USB-C, hata kwa pawa benki yenye nguvu ya kutosha, ukiwa ndani ya gari kati ya kanisani na ukumbini. Umeme ukikatika usiku mzima, uwezo huo una thamani kuliko picha mia za ziada.

Ukitoa lenzi ya R50, sensa iko pale pale inakutazama, wakati ya 1300D imejificha nyuma ya kioo na shata. Kwa wanaofanya kazi Dodoma wakati wa upepo au kwenye barabara za vumbi, badilisha lenzi ndani ya gari, mdomo wa kamera ukiangalia chini, na upesi.

Kamera zote mbili zina tundu moja tu la kadi. Kadi ikifa, harusi imekufa nayo. Tumia kadi ndogo kadhaa badala ya moja kubwa.

Na kuna jambo la aibu kidogo ila ni la kweli: wapo wateja wanaopima uwezo wako kwa ukubwa wa kamera. R50 ni ndogo, na mjomba wa bi harusi anaweza kukuuliza kama ndiyo hiyo utakayotumia au kubwa iko kwenye begi. Muonyeshe picha moja kwenye skrini, yaishe.

Hela

Zilipotoka, 1300D na lenzi yake iliuzwa Marekani kwa karibu dola 550. R50 kwa karibu dola 680 bila lenzi, na 800 ikiwa na lenzi. Huku kwetu kuna ushuru, usafiri na faida ya muuzaji juu yake. Kinachofaa kulinganishwa ni mzigo mzima. Kwa bei ya R50 mpya na lenzi yake, unaweza kupata 1300D ya mtumba, ile 50mm, flashi ya kawaida, tripodi na betri ya pili, na chenji ikabaki. Upande wa R50, ili ufikie uwezo huohuo wa kufanya kazi, ongeza lenzi inayopitisha mwanga mwingi, AD-E1 na betri mbili. Hapo ndipo pengo la bei linapoonekana lilivyo.

Jihadhari na R100, mdogo wake R50, ambayo pia ilitoka 2023 na inauzwa kwa wanaotaka neno "mirolesi" kwa bei ya chini. Skrini yake haiguswi wala haigeuki, na 4K yake inakata sehemu kubwa ya upana wa picha na kupoteza fokasi nzuri ya Dual Pixel. Kwa picha za mnato si mbaya. Kwa video, heri 200D ya mtumba.

Kwa hiyo: unapiga pasipoti, picha za shule, za familia, bidhaa za kuuza mtandaoni, nyuso za studio? 1300D pamoja na 50mm na flashi, na anza kuingiza hela wiki ijayo. Unajifunza tu na hujui kama utaipenda kazi hii? Hiyo hiyo, bila kukopa. Unapiga harusi ukiwa peke yako, picha na video, au unatengeneza maudhui ukiwa mbele ya kamera mwenyewe? Subiri, changa, chukua R50. Na kama tayari una 1300D inayofanya kazi, usiiuze ili ununue R50 kabla hujamiliki lenzi moja nzuri. Lenzi itakufuata huko uendako.

Ukienda kuikagua ya mtumba

Kariakoo, Luthuli Avenue au kwa mtu binafsi, utaratibu ni mmoja. Nenda na kadi yako na betri iliyochajiwa, usikubali kuonyeshwa picha zilizomo kwenye kadi ya muuzaji.

Toa lenzi kwanza. Washa tochi ya simu, imulike kutoka upande mmoja huku ukiangalia kutoka upande wa pili. Fangasi huonekana kama utando wa buibui ndani ya vioo, na kamera zilizokaa Tanga, Mombasa, Zanzibar au Dar huwa nazo kwa sababu ya unyevu. Vumbi kidogo lisikutishe. Fangasi iache na lenzi yake hapohapo mezani.

Rudisha lenzi, funga tundu hadi f/16, piga picha ya ukuta mweupe au mbingu, kisha ikuze kwenye skrini. Madoa meusi yanayojirudia sehemu ileile kwenye kila picha ni uchafu juu ya sensa. Huo husafishwa, lakini ni sababu ya kushusha bei. Funika lenzi na kifuniko chake, weka fokasi ya mkono, piga picha ya sekunde kadhaa, na utafute nukta zinazong'aa.

Piga picha thelathini mfululizo. Ikitokea Err 01, mara nyingi ni nukta za dhahabu kati ya lenzi na bodi zimechafuka. Zifute kwa kitambaa kikavu, jaribu tena, jaribu na lenzi nyingine. Ikitokea Err 20 au Err 30, tatizo liko kwenye mitambo ya ndani, na gharama ya fundi inaweza kukaribia bei ya kamera yenyewe. Jaribu pointi ya katikati kwenye maandishi madogo ukiwa mita moja hivi, kwa tundu la lenzi lililofunguliwa lote, uone kama ukali unakaa pale ulipolenga au umesogea mbele au nyuma. Inua flashi ya juu iwake. Washa Wi-Fi uiunganishe na simu yako. Kama hakuna Wi-Fi kwenye menyu, huenda umeuziwa 1200D iliyobandikwa jina, maana hiyo haina.

Mwisho omba chaja halisi ya LC-E10 na uiangalie inavyochaji kabla ya kutoa hela.